Chupa yenye Kifuniko Cheupe

Jumatatu, 3 Machi

Jicho la kulia la Baba limevimba kwa ndani, na lisipotibiwa vizuri linaweza kupofuka. Aliyesema hivyo ni daktari wa macho, saa nne na dakika ishirini asubuhi hii, baada ya kulichungulia kwa mashine yake ya taa muda wa kutosha mimi kuyasoma mabango yote manne ya ukutani mara mbili.

Baba ni fundi saa. Ana miaka sabini na mmoja, na jicho hilo ndilo analobania lenzi ya kukuzia tangu alipoanza kazi. Mwenyewe huliita jicho la kazi. Kwa siku tisa alituambia chembe ya chuma imemwingia wakati akisugua mfuniko wa saa. Nilimwamini bila kuuliza swali la pili, jambo ambalo nisingelifanya kwa mtu mwingine yeyote.

Chembe haipo. "Wekundu huu hautoki nje, mzee wangu," daktari alimwambia. "Unatoka ndani. Ndiyo maana mwanga unakuchoma."

Niliuliza sababu. Akasema mara nyingi haipatikani. Amechukua damu, ataangalia.

Tumerudi na chupa mbili. Ya kifuniko cheupe ni matone ya steroidi, ya kutuliza uvimbe: tone moja kila saa, tangu anapoamka hadi anapolala. Ya kifuniko chekundu ni ya kupanua mboni isije ikanata kwenye lenzi ya jicho iliyo nyuma yake: mara mbili kwa siku. Daktari alirudia jambo moja mara tatu, nami nikaliandika mara tatu. Baba asiache matone ya kifuniko cheupe kwa uamuzi wake. Yatapunguzwa kidogo kidogo, na atakayesema lini ni yeye daktari.

Tulipofika nje Baba alisimama.

"Kila saa?" akasema. "Hata marehemu mama yako hakunifuatilia hivyo."

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza kabla hakujapambazuka.

Utaratibu wetu: nanawa mikono, natikisa chupa, yeye anaangalia dari. Navuta kope ya chini, nadondosha tone moja kwenye kijifuko kinachofunguka pale. Anafunga jicho taratibu, bila kulikaza, anabonyeza pembeni mwa pua kwa dakika mbili ili dawa isiteremkie kooni. Ncha ya chupa haigusi jicho wala kope wala kidole. Kati ya chupa moja na nyingine, dakika tano.

Saa mbili asubuhi alijiwekea mwenyewe nikiwa bafuni. Nilipoiinua chupa nikaona unga mweupe umelala chini na maji safi yako juu. Hakuitikisa.

"Mafuta ya saa hayatikiswi," alisema.

"Haya si mafuta ya saa."

"Naona."

"Huoni, Baba. Ndiyo maana tumefika hapa."

Akacheka hadi jicho likamuuma. Nimeandika tarehe ya leo kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika. Wiki nne baada ya kufunguliwa inatupwa, ibaki isibaki.

Jumatano, 5 Machi

Matone kumi na sita. Mvua.

Ijumaa, 7 Machi

Chumba cha mbele ndicho karakana yake. Meza iko dirishani, na sasa pazia limefungwa mchana kutwa. Saa thelathini na moja za wateja ziko kwenye trei, kila moja na kibandiko chake, zinasubiri. Leo alichukua moja, akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali, akairudisha.

"Sioni hata mishale."

"Ni dawa ya kifuniko chekundu. Daktari alisema utashindwa kuona vitu vya karibu kwa muda."

"Alichosema yeye nakijua. Mimi nakwambia ninachoona."

Jumapili, 9 Machi

Shangazi amekuja, mdogo wake Baba. Aliuza vitambaa sokoni miaka thelathini, na sauti ya soko hajaiacha. Alimkuta Baba na miwani ya jua sebuleni.

"Kaka! Umepata kazi ya kumlinda waziri?"

Alipoambiwa idadi ya matone alipiga kofi hewani. "Kumi na sita? Huyo daktari anakutibu au anakuogesha?"

Nilimvuta jikoni nikamwomba asiseme hivyo mbele ya mgonjwa. Akaniuliza tangu lini mtoto akampangia shangazi yake maneno. Nadhani huyu atatuharibia kazi.

Jumatatu, 10 Machi

Uvimbe umepungua kwa nusu. Presha ya jicho kumi na tano, ambayo ni sawa. Sasa ni tone moja kila saa mbili.

Jumatatu, 17 Machi

Chembe za uvimbe zimebaki chache. Presha kumi na nane. Chupa nyekundu imesimamishwa. Nyeupe mara nne kwa siku wiki hii, tatu wiki ijayo, kisha mbili, kisha moja. Tumepewa kadi ya kurudi tarehe 31.

Baba aliuliza kwa nini presha inapimwa kila safari na haimuumi. Daktari akajibu: "Ndiyo sababu yenyewe. Matone haya haya yanayotuliza uvimbe yanaweza kupandisha presha ndani ya jicho, na huisikii. Wengine inawapanda, wengine haiwapandi. Kwa macho yangu tu sijui wewe ni nani kati yao. Mashine ndiyo inajua."

Nimechora karatasi ya visanduku hadi mwisho wa dawa, nikaibandika juu ya meza yake ya kazi.

Jumatano, 19 Machi

Jicho ni jeupe kabisa. Pazia limefunguliwa. Amerudi mezani, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amemaliza saa mbili na kuanza kuimba.

Jumapili, 23 Machi

Kesho gazeti langu linanituma kufuatilia hukumu ya kesi, nitarudi Ijumaa. Nimempitisha Baba kwenye karatasi kisanduku kwa kisanduku.

"Nenda, mama," alisema. Hivyo ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo. "Nimelea watoto watatu, nitashindwa kulea jicho moja?"

Ijumaa, 28 Machi

Nimefika nyumbani saa tano asubuhi. Pazia limefungwa. Baba amekaa ameupa dirisha mgongo, mkono umefunika jicho. Nilimwomba autoe. Jicho jekundu kuliko siku ya kwanza, na machozi yanatoka yenyewe.

Nilikwenda kwenye karatasi. Visanduku vya Jumatatu vina alama. Kuanzia Jumanne ni vitupu. Angalau hakuweka alama za uongo.

"Uliacha."

"Niliacha."

"Kwa nini?"

Alinijibu taratibu, kama anavyomweleza mteja. "Jicho lilikuwa limepona, mama. Jeupe, haliumi, naona. Saa ikishatembea vizuri, unaifunga. Hurudi na mafuta. Ukiongeza tone moja lisilohitajika, linatambaa, linashika vumbi, linafika kwenye springi, na saa iliyokuwa nzima inasimama. Nimeona mafundi wangapi wakiua saa kwa tone la ziada? Nikasema, mimi sitaliua jicho langu hivyo."

Nimesikiliza utetezi wa watu wengi mahakamani. Huu ndio wa kwanza nilioukuta umenyooka mwanzo hadi mwisho, na bado ni kosa.

Tulikwenda kwa daktari bila miadi. Alitupokea saa nane.

"Nani alikwambia uache?"

"Jicho."

Daktari akaweka kalamu chini. Hakufoka. "Jicho lilikudanganya, mzee wangu. Uvimbe ulikuwa umelala, haujaondoka. Matone ndiyo yaliyokuwa yameukandamiza. Ukiyaachia kwa mpigo unaruka juu, tena kwa hasira."

Akachungulia tena, muda mrefu. Mboni imenata kwenye lenzi kwa chini. Si duara tena. Imekaa kama tone lililogeuzwa. Tumerudi kwenye tone moja kila saa, na dawa ya kupanua mboni yenye nguvu zaidi, nayo ya kifuniko chekundu. Ikibanduka ndani ya siku chache, vizuri. Isipobanduka, kovu litabaki, na likizunguka mboni yote maji ya jicho hayatakuwa na pa kupita.

Baba alisubiri amalize. "Nitabania lenzi tena?"

"Sitaki kukudanganya na mimi. Sijui."

Tulipofika nyumbani alikaa kwenye kiti chake, akaangalia dari bila kuambiwa, akasema, "Niwekee wewe." Nilipovuta kope akanishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Nina miaka arobaini na tisa, na mikono ya Baba sijawahi kuiona ikitetemeka. Angekuwa nayo ya namna hiyo asingeweza kushika skrubu ndogo kuliko punje ya mtama.

Nilingoja utulie. Kisha nikadondosha.

Jumamosi, 29 Machi

Matone kumi na sita. Hakulalamika. Ningependa alalamike.

Jumapili, 30 Machi

Kumi na sita. Mvua imeingia kwenye paa la jikoni. Nimeweka sufuria.

Jumatatu, 31 Machi

Mboni imebanduka sehemu kubwa. Pamebaki pembe moja ndogo chini. Presha ishirini na mbili. Daktari aliizungushia duara kwenye faili.

Tumetupa chupa ya kwanza, ilikuwa na robo. Baba aliisindikiza kwa macho hadi kwenye pipa. "Robo nzima," alisema. Nikamwambia ni dawa iliyokwisha muda wake. Akasema haya, lakini robo ni robo.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo saa kumi na mbili asubuhi nyumba nzima imeamshwa na kengele. Baba amepanga saa tatu za mezani, zake mwenyewe: yenye mlio mzito ni ya matone ya kifuniko cheupe, yenye mlio mwembamba ni ya chekundu, na ya tatu inahesabu zile dakika tano za katikati. Amezirekebisha kwa kupapasa na kwa jicho la kushoto. Kila moja inapiga kwa wakati wake bila kukosea hata sekunde.

"Nilidhani unapumzika," nilimwambia.

"Nimepumzika. Sasa nafanya kazi."

Shangazi alikuja mchana, akashtuliwa na mlio mzito akamwaga chai. "Hii ni nyumba au shule?" Lakini alikaa hadi jioni, na mara mbili nilimsikia akimwita kaka yake kengele ilipolia na yeye amesinzia.

Jumatatu, 7 Aprili

Uvimbe unashuka. Presha thelathini na moja.

Daktari alisema kiwango hicho kikiachwa kitaula mshipa wa fahamu wa jicho, na ukishaliwa haurudi. Baba ni mmoja wa wale ambao matone huwapandishia presha. Daktari akauliza kama ana pumu au ugonjwa wa moyo, hana. Ameongeza chupa ya tatu, kifuniko cha njano, ya kushusha presha, asubuhi na jioni.

Baba alivua miwani. "Kwa hiyo dawa inaniponya kwa mkono huu, inaniumiza kwa ule."

"Ndiyo."

"Na nikiiacha uvimbe unarudi."

"Umeshauona ukirudi."

"Sasa nishike wapi, daktari?"

"Unishike mimi. Kila wiki uje nipime. Nikiona pa kupunguza nitapunguza siku hiyo hiyo. Lakini usinikimbie, na usiyakimbie matone."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Baba aliyarudia njiani, kwa sauti ya chini, mara mbili.

Jioni alikaa mbele ya trei ya saa za wateja akazigusa kibandiko kimoja kimoja. Akanipa simu akaniomba nimpigie kila mmoja, nimwambie anayetaka kuchukua saa yake aipeleke kwa fundi mwingine asione haya. Nilipiga simu ishirini na tisa. Waliokubali kuchukua ni wanne. Mwalimu mmoja mstaafu alisema yeye haendi popote kwa wakati siku hizi, atangoja.

Jumatatu, 14 Aprili

Presha ishirini na nne. Kifuniko cheupe kila saa mbili. Paa limezibwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Shangazi alifika saa tatu asubuhi na jicho la kushoto jekundu, akilifuta kwa kona ya khanga. Nilikuwa jikoni na mlango uko wazi, kwa hiyo haya nimeyasikia mwenyewe.

"Kaka, nipe tone moja la hiyo yenye kifuniko cheupe. Limenianza juzi, kama la kwako tu."

"Siyo ya kwako hii."

"Wekundu ni ule ule. Maumivu ni yale yale. Mwanga unanichoma. La kwako lilipona kwa siku ngapi?"

"Langu halikupona. Lilijifanya."

"Tone moja! Huyu binti yako nimembeba mgongoni miaka miwili, mama yake anaumwa, sikusema nimechoka. Leo unaninyima tone?"

"Ningekuwa nakuchukia ningekupa."

Nilichungulia. Baba alikuwa ameitia chupa kwenye mfuko wa shati na anafunga kifungo. Shangazi alisimama mbele yake, mkono umenyooshwa, kama anadai chenji.

"Mdogo wangu," Baba alisema, "mimi ni fundi. Saa mbili zikisimama siku moja, haina maana ugonjwa ni mmoja. Unafungua, unaangalia. Vaa viatu."

Walitoka na mwavuli mmoja. Niliwafuata na mwavuli mwingine ambao hakuna aliyeuhitaji.

Daktari alimtia Shangazi rangi ya njano jichoni, akazima taa ya chumba, akawasha taa ya buluu. Akaniita niangalie. Kwenye kioo cha mbele cha jicho palikuwa na mchubuko mwembamba uliotawanyika kama vitawi vya mti, unang'aa.

"Hiki ni kidonda cha virusi," alisema. "Kina dawa yake, na umewahi. Umeweka kitu chochote?"

"Hapana," alisema Shangazi. "Huyu alininyima."

"Steroidi ulizoziomba zingekilisha kidonda hiki. Kingetanuka, kingechimba, na wewe ungedhani unapata nafuu kwa sababu wekundu ungepungua kwanza."

Shangazi aliiachia kona ya khanga, akakaa mikono mapajani kama mwanafunzi. Ni mara ya kwanza kumshuhudia hivyo.

Kurudi, alimshika Baba kiwiko. Mvua ilikuwa kubwa na njia ina madimbwi.

"Sasa tuna macho mawili mazima kati yetu," alisema.

"Angalia njia ya upande wako," Baba akamjibu. "Shimo hilo."

Tangu Machi nilikuwa nimemweka Shangazi upande wa matatizo. Habari za kubebwa mgongoni miaka miwili nilikuwa sizijui. Usiku huu nimemuuliza Baba mama alikuwa anaumwa nini. Amenieleza kwa kirefu, na hayo nimeyaandika mahali pengine.

Jumapili, 20 Aprili

Shangazi amehamia chumba cha nyuma mpaka jicho lake litulie. Chupa zake ziko rafu ya chini, za Baba rafu ya juu, kila moja ina jina kwa herufi kubwa. Kengele ikilia wanaitana. Anayechelewa anatukanwa.

Jumatatu, 28 Aprili

Presha kumi na tisa. Kifuniko cheupe mara sita, chekundu kimesimamishwa. Kidonda cha Shangazi kimefunga.

Jumatatu, 5 Mei

Mara nne. Kwenye ubao wa herufi Baba amesoma mstari wa tano kwa jicho la kulia. Mwezi uliopita aliishia wa pili.

Alhamisi, 8 Mei

Hakuna mvua. Siku ya kwanza kavu wiki hii.

Jumatatu, 12 Mei

Mara tatu. Alitaka kujaribu lenzi leo. Shangazi aliificha. "Daktari amesema Jumatatu ijayo, na Jumatatu ijayo si leo." Waligombana nusu saa, kwa raha nyingi.

Jumatatu, 19 Mei

Hakuna chembe za uvimbe. Presha kumi na saba. Lenzi ya jicho haijaanza kuwa na ukungu, na hilo pia daktari amekuwa akilifuatilia, maana matone haya yakitumika muda mrefu yanaweza kuuleta. Pembe ndogo chini ya mboni itabaki. Haizibi kitu.

"Lenzi ya kazi?" Baba aliuliza.

"Nusu saa kwa siku, kwenye mwanga mzuri. Likiuma, likiwa jekundu, mwanga ukianza kuchoma, unakuja siku hiyo hiyo. Hungoji chembe ya chuma."

Amekaa mezani saa tisa alasiri. Alifungua saa ya mkono ya mwalimu mstaafu, akabania lenzi, akainama. Shangazi na mimi tulisimama mlangoni kama watu waliokuja kusikiliza hukumu. Mikono ilikuwa imetulia. Alitoa skrubu ya kwanza, akaiweka kwenye kisahani. Ya pili. Ya tatu.

"Naona meno ya gurudumu," alisema bila kugeuka. "Yote. Kuna moja limelika."

Shangazi aliingia jikoni ghafla, akafungulia bomba na hakuosha kitu.

Ratiba mpya: mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, kisha vipimo, kisha daktari ataamua kama tushuke kwenye tone moja. Kifuniko cha njano kinaendelea. Nilitaka kumsomea Baba kadi ya miadi. Akanipokonya, akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha na kuisoma mwenyewe: Jumatatu, tarehe 2 Juni, saa tatu asubuhi.